Nilimtoa mwanangu skuli muhula mzima kwa ajili ya mbio za gokati: daftari langu linasema hivi

Assalaam aleikum wanajukwaa, na habari zenu nyote.

Huu uzi nimeukalia muda mrefu. Kilichonisukuma leo ni simu ya juma lililopita. Baba mmoja wa Bamburi, tuliyejuana uwanjani, amesikia kwa mkufunzi kwamba binti yake ana kipaji na kwamba muhula ujao amtoe skuli ahamie bara, upande wa Nairobi, akafanye mazoezi kila siku. Aliniuliza, "Wewe ulifanya. Nifanye?" Kwa simu nilibabaika. Nikamwomba asubiri, niyaandike kwa utulivu, maana huenda kuna wengine wako njia panda hiyo hiyo.

Mimi ni fundi wa injini, malori ya kontena, Changamwe, Mombasa. Mwanangu wa pili ana miaka 14 sasa, yuko gredi ya tisa. Gokati, vile vigari vidogo vya mbio, aliianza akiwa na miaka tisa, kwenye uwanja wa kukodisha upande wa njia ya Malindi. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya binamu yake, kila mtoto alilipiwa dakika 10. Wenzake walikuwa wakigonga matairi ya pembeni na kucheka. Wangu hakucheka. Aliposhuka aliniambia, "Baba, ile kona ya pili ukiachia mafuta mapema inakurudishia mbele." Nimefanya kazi na madereva watu wazima ambao hawajawahi kuniambia neno kama lile.

Kwa asiyeijua gokati, msidhani ni mchezo wa bustani. Haina springi, haina shokapu, haina difu. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, magurudumu yote mawili yanazunguka sawasawa, na kwenye kona hilo ni tatizo, kwa sababu gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Kwa hiyo dereva lazima alinyanyue kidogo lile la ndani, kwa usukani na kwa uzito wa mwili wake, kisha aliteremshe wakati wa kutoka. Mtoto anayeweza kulifanya hilo utamtambua ukiwa mbali. Wangu aliliweza kabla sijajua kumweleza.

Basi nikanunua chasi ya mkono wa tatu, injini ya mipigo miwili nikaifungua mwenyewe gereji usiku baada ya kazi. Mashindano tukayafuata bara. Chasi nilimpa rafiki yangu dereva wa lori aibebe, sisi tukapanda treni Miritini. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kila mtu kwenda tu, na mtoto akishafika miaka 12 hana nusu nauli. Ijumaa tunaondoka, Jumapili usiku tunarudi, Jumatatu mtoto analala darasani. Wa kwanza kulalamika hakuwa mwalimu wa skuli, alikuwa ustadhi wa chuo cha Qurani, kwa sababu masomo yake ni Jumamosi na Jumapili asubuhi na kijana alikuwa haonekani.

Mwaka 2024, mwanangu akiwa gredi ya saba, mkufunzi mmoja aliniambia maneno ambayo najua wengi wenu mtayasikia: "Skuli itamsubiri, mbio hazitamsubiri." Mamake alikataa. Alikataa kwa upole, akakataa kwa ukali, mwisho akanyamaza, na mimi nikauchukua ule ukimya kuwa ruhusa. Nalisema wazi kwa kuwa nyumba nyingi mambo haya huamuliwa hivyo.

Muhula wa pili wa 2024 mnaukumbuka. Mafuriko yalichelewesha kufungua, skuli zikafunguliwa 13 Mei. Wenzake walipoingia darasani, mwanangu alikuwa kwa shangazi yake Nairobi, sare imekunjwa kabatini huku nyumbani.

Sasa naja kwenye daftari. Mimi ni mtu wa kuandika. Kila lori linaloingia gereji nina kumbukumbu yake, na gokati niliifanyia vivyo hivyo: tarehe, tairi za lini, plagi, jeti ya kabureta (kile kitundu kinachopima petroli), mizunguko mingapi, saa bora ya siku, yaani muda mfupi kabisa wa mzunguko mmoja. Agosti nilipomfuata kumrudisha, nilikaa na lile daftari kibarazani kwa dada yangu nikahesabu.

Muhula ule ulikuwa na zaidi ya siku 50 za darasa. Siku ambazo injini iliwaka zilikuwa 14. Siku ambazo gari lilikuwa na tairi mpya zilikuwa tatu. Kuanzia Januari mpaka Aprili, akiwa bado skuli na anaendesha mwisho wa juma na likizo tu, alikuwa amepunguza sekunde 1 na nukta 4 kwa mzunguko, uwanja ule ule. Katika muhula mzima wa kutokwenda skuli alipunguza sehemu tatu za kumi za sekunde, na mbili kati ya hizo zilipatikana siku moja, siku ya tairi mpya.

Nilirudia kuhesabu mara tatu.

Nilikuwa nimeamini kwamba kinachomkwamisha ni muda. Muda ulikuwepo tele! Kilichokuwa haba ni tairi, petroli, mafuta ya kuchanganya, pistoni na ringi ambazo injini ndogo ya mipigo miwili inazila kwa saa chache tu za kazi. Fedha zangu za mwezi zilikuwa zinatosha siku nne au tano za uwanjani. Ningeziweka siku hizo Jumamosi au Jumanne, idadi ni ile ile. Wale wa Ulaya wanaowatoa watoto wao darasani wamekwisha kununua kila kitu kingine, na siku ndiyo kitu cha mwisho kilichobaki kununuliwa, tena wengi wana mwalimu wa kulipwa anayesafiri nao. Mimi nilianza kununua siku kabla ya tairi. Zile siku nyingine zote mwanangu alikaa kwa shangazi yake akitazama simu, akisubiri baba atume pesa.

Aliporudi darasani suruali ya sare ilikuwa imempanda juu ya vifundo. Hilo lilitengenezeka kwa fundi cherehani. La hesabu halikutengenezeka haraka. Gokati haina giaboksi kwa madaraja mengi ya watoto, unachobadilisha ni sproketi, zile gurudumu za meno za mnyororo. Ukiwa na meno 13 kwenye injini na meno 78 kwenye ekseli, injini inazunguka mara 6 ekseli ikizunguka mara moja. Ukiweka 80 nyuma inakuwa 6.15, gari linatoka kwenye kona kwa nguvu zaidi lakini linaishiwa kwenye mnyoosho. Nilimuuliza, "Tukiweka 82 tutapata ngapi, na utaipoteza wapi?" Akanitazama, akabahatisha. Wenzake walikuwa wamefundishwa uwiano na asilimia muhula ule. Mtoto aliyenieleza kona akiwa na miaka tisa alikuwa anabahatisha gari lake mwenyewe.

Na sayansi vilevile. Injini niliyoipanga huku kwetu, usawa wa bahari, ikifika Nairobi karibu mita 1,700 juu inakuta hewa nyepesi. Petroli inazidi hewa, plagi inatoka nyeusi imelowa, injini inakohoa, lazima upunguze jeti. Dereva asiyejua kwa nini hewa ya juu ni nyepesi hawezi kuniambia injini inaumwa nini, ataniambia tu "haiendi". Mafundi mnaijua hiyo "haiendi".

Huo ndio ushuhuda wangu. Ulizeni, nitajibu.

———

KIJANA WA MAJENGO:

Mzee wangu, shikamoo. Nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu kwa kusema ukweli. Lakini naona umejilaumu kupita kiasi. Verstappen aliingia Formula 1 mwaka 2015 akiwa na miaka 17. Unadhani alikuwa akisubiri likizo ya Agosti? Wazazi wa Esteban Ocon waliuza nyumba wakaishi kwenye karavani ili mtoto akimbie, na akafika. Huku kwetu vijana wenye digrii wanaendesha bodaboda hapa Mwembe Tayari, nawajua kwa majina. Skuli imewahakikishia nini? Mtoto akiwa na kipaji na ukamrudisha kwenye dawati, umemuua taratibu.

———

FUNDI WA CHANGAMWE (mwenye uzi):

Marahaba mwanangu. Hoja yako niliibeba mimi mwenyewe mwaka 2024, neno kwa neno, kwa hiyo siidharau.

Verstappen ni mtoto wa Jos Verstappen, aliyewahi kukimbia Formula 1. Alizaliwa ndani ya karakana. Mwaka 2013, akiwa na miaka 15, alikuwa bingwa wa dunia wa KZ, zile gokati zenye gia. Na baada ya yeye kuingia na miaka 17, shirikisho la dunia, FIA, lilibadilisha kanuni: tangu 2016 umri wa chini wa kuingia Formula 1 ukawa miaka 18, na mwaka 2024 ikalegezwa kidogo tu, mwenye miaka 17 aweze kuingia kwa idhini maalumu ya FIA. Ule mlango alioupita umebanwa nyuma yake.

Tazama na wengine. Lewis Hamilton alianza kushindana akiwa na miaka minane, babake akifanya kazi zaidi ya moja ili kumudu. Sharti la baba lilikuwa moja, kwamba atamsaidia mbio maadamu anasoma kwa bidii. Ndiye yule aliyekuja kuchukua ubingwa wa dunia mara saba. Na Kimi Antonelli, kijana wa Italia, mwaka 2025 alikuwa dereva wa Mercedes katika Formula 1, Juni akapanda jukwaa la washindi Kanada akiwa wa tatu, na kiangazi kile kile akafanya mtihani wake wa kumaliza sekondari. Kama mtu aliyekwisha kufika bado alikwenda kuketi kwenye chumba cha mtihani, mwanangu wa Changamwe ni nani asiende?

Kuhusu Ocon, nakubali, walijitoa mhanga na ikawa. Mimi nina kipande cha shamba Kwale cha marehemu baba. Nilikwisha kumtafuta dalali. Lakini wazazi waliouza nyumba na mtoto asifike, wewe umewahi kusoma habari zao? Viti vya Formula 1 vilikuwa 20 dunia nzima, mwaka 2026 timu ya Cadillac imeingia ndiyo vikawa 22. Ndugu zangu, ni matatu moja na nusu.

Na hao wa bodaboda wenye digrii, inaniuma kama inavyokuuma. Ila sijamwona hata mmoja akisema angependa aipande ile pikipiki akiwa hajui kusoma mkataba wa mkopo wake.

———

MWALIMU MSTAAFU, TUDOR:

Mwanangu fundi, ahsante. Nimefundisha miaka mingi na nimewaona wakitolewa kwa sababu za kila aina: kuvua, kuolewa, mpira, sasa na magari. Niongeze jambo moja ambalo watu hulisahau. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtia hatiani mzazi asiyempeleka mtoto shule: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mkufunzi anayekwambia "mtoe" hatakuwa kizimbani pamoja nawe.

Lakini pia nawaambia wazazi, walimu si maadui wa michezo. Anayekuja kwa mwalimu mkuu mwanzoni mwa mwaka na karatasi ya tarehe za mashindano, akasema "hizi Ijumaa nne naomba ruhusa, na kazi atakazokosa nipeni nimsimamie", huyo husaidiwa. Anayempotezea mtoto kimya kimya halafu anarudi Agosti na maelezo, huyo hutupa kazi ngumu. Na katika mtaala huu wa umilisi, sekondari ya juu kuna njia tatu, na mojawapo ni ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Zamani hatukuwa nayo.

———

FUNDI WA CHANGAMWE:

Mwalimu, mimi ndiye huyo wa kimya kimya. Skuli niliiambia mtoto anaumwa. Nililazimika kurudi kuomba radhi nikiwa nimevaa kanzu ya Ijumaa, na mwalimu mkuu alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

———

MZEE WA SAFARI:

Nimeanza kufuata Safari Rally nikiwa mtoto, tukikaa kando ya barabara tukipigwa na vumbi. Mnazungumza Formula 1 kama ndiyo njia pekee. Mchezo wetu mkubwa wa magari tangu 1953 ni Safari, na imerudi kwenye ubingwa wa dunia tangu 2021. Joginder Singh, aliyeishinda 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi wa magari kwanza, mtu mzima ndipo akaanza rali. Shekhar Mehta akashinda mara tano. Katika rali miaka 20 na kitu ni kijana mbichi. Kwa hiyo hiyo haraka ya kumtoa mtoto wa miaka 12 darasani ni haraka ya mchezo wa watu wengine.

———

BABA WA BAMBURI:

Fundi, ni mimi. Nimesoma yote, na michango pia. Mamake binti amesoma juu ya bega langu. Ana miaka 10, yuko gredi ya tano, na tangu asikie habari ya kwenda bara halali. Mkufunzi anataka jibu kabla ya muhula kuisha. Nimwambie nini mtoto, na nimwambie nini mkufunzi?

———

FUNDI WA CHANGAMWE:

Ndugu yangu, nianze na mkufunzi maana ni rahisi. Usimwambie ndiyo wala la. Mwambie akuandikie kwenye karatasi: katika zile wiki za muhula, injini itawaka siku ngapi? Seti ngapi za tairi, na nani ananunua? Pistoni ikichoka katikati, nani anagharamia? Siku ambazo hayuko uwanjani, nani anamfundisha, saa ngapi mpaka saa ngapi, na kitabu gani? Mimi sikuuliza hata moja. Nilisikia "kipaji" nikafunga mzigo. Akikuletea karatasi yenye siku 15 za injini, kaa nayo mezani pamoja na kalenda. Likizo ya Aprili, ya Agosti na ile ndefu ya Novemba na Desemba, ukijumlisha na Jumamosi chache, siku 15 zinapatikana bila kugusa dawati. Mimi ndivyo ninavyofanya sasa.

La pili, mwili wake. Miaka 10 shingo bado ni laini. Gokati haina mkanda, hilo ni la makusudi, ili ikipinduka dereva asibaki amefungwa chini yake, lakini maana yake ni kwamba kiti kinampiga mbavuni kila kona. Usimruhusu kuingia bila kinga ya mbavu inayomkaa sawa. Na kofia isiwe ya mtu mzima iliyojazwa sifongo. Kuna viwango vya FIA vya kofia za watoto, vimeandikwa CMR ndani yake, nyepesi kwa ajili ya shingo zao. Kanunue hiyo kabla ya tairi, kabla ya chochote. Ukiona mkufunzi anakimbilia injini na hajauliza kofia, umeshamjua.

Mtoto sasa. Hapa ndipo ninapoandika polepole.

Usimwambie "ukifeli mtihani nitakunyang'anya gari." Nilijaribu hiyo niliporudi, kwa hasira zangu mwenyewe, na kijana akaanza kuficha karatasi za mtihani. Kilichotusaidia ni kumkabidhi daftari. Nilimwambia, kuanzia leo wewe ndiye mwandishi, mimi ni fundi wako, sifungui spana mpaka uniambie uwiano na kwa nini. Siku ya kwanza alikaa nusu saa na penseli. Alikosea. Nikaifunga ile sproketi aliyoiandika, na tukaenda uwanjani nayo, na akaona mwenyewe gari likiishiwa pumzi katikati ya mnyoosho. Usiku ule alimwomba dada yake mkubwa amfundishe kugawanya desimali. Mimi sikusema neno.

Marafiki walichukua muda zaidi. Alikuwa na wenzake watatu wa mpira wa jioni, nafasi yake ikawa imechukuliwa. Mtoto wa miaka 12 hana namna ya kueleza kwamba hakuwafanyia ubaya, alikuwa tu Nairobi. Ilifika mwaka uliofuata ndipo nikamwona amerudi nao uwanjani. Hilo daftari langu halikulipima, na ndilo ningeomba mwanangu anisamehe kwanza.

Mwaka huu ana mtihani wa KJSEA, ule wa mwisho wa gredi ya tisa, kisha kuchagua njia. Anasema anataka ya sayansi, uhandisi. Mamake anataka aliandike jambo hilo kwa mkono wake kabla hajabadili mawazo. Mbio hajaziacha. Aprili alipata saa yake bora kabisa, kwenye tairi zilizokwisha tumika siku mbili.

Jumamosi hii baada ya alasiri tuko gereji, tunafungua klachi. Njoo na binti na mamake. Chai na mahamri vipo. Aje na daftari tupu na penseli, kijana wangu atampa ukurasa wake wa kwanza aunakili.